Kamera ya ndani ya waifai baada ya miezi 8: picha safi, ila bado nauliza nani mwingine anaona

Naandika hii baada ya kuitumia hii kamera miezi 8 kamili, sio zile za mtu kafungua boksi leo, leo hiihii katoa nyota 5. Jina la kampuni silitaji maana kuna malalamiko yangu humu ambayo bado tunaandikiana nao, na pia ukiangalia vizuri hizi kamera ndogo za ndani zinafanana sana, boksi tofauti, nembo tofauti, ukiwasha unakuta mambo yaleyale, kwahiyo haya yatakufaa hata kama ya kwako ni nyingine.

Ni ile ndogo ya mviringo ya kuweka juu ya kabati au kufunga ukutani, inazunguka kushoto kulia, inaona usiku, ina maiki na spika, inatumia chaja kama ya simu na inaingia kwenye waifai ya nyumbani.

Nilinunua kwa ajili ya mama. Mama anaishi peke yake, umri umeenda, na mwaka jana alianguka koridoni akakaa pale chini karibu saa nzima mpaka jirani alipopita akamsikia. Simu alikuwa nayo, ila ilikuwa mezani sebuleni. Mimi na kaka yangu wote tunaishi mbali naye, tukasema hapana, hii haiwezi kujirudia, tuweke kamera. Tuliongea kwenye simu dakika kumi hivi, kaka akatoa nusu, mimi nikaagiza. Sasa ushike hilo, tulioongea ni mimi na kaka. Mama hakuwepo kwenye hayo maongezi. Nitalirudia mbele maana ndo kubwa kuliko yote.

Kwenye picha sina neno. Mchana unasoma mpaka tarehe za kalenda ukutani, usiku inageuka nyeusi na nyeupe ila mtu unamtambua. Sauti inachelewa kama sekunde 2, unazoea. Inazunguka kimya. Imekatika mara 3 tu muda wote huo na zote ilikuwa intaneti, sio yenyewe. Kama unatafuta kifaa cha kuona, hiki kinaona, hapo nimemaliza.

Shida zinaanza siku ya kuiunganisha. Unaelekeza simu kwenye kodi ya QR iliyo chini ya kamera, aplikesheni inashuka, alafu kabla hujaona hata picha moja inaanza kuomba ruhusa. Eneo ulipo. Bluetooth. Maiki. Picha zote kwenye simu. Namba zote za watu kwenye simu. Nikakaa nikajiuliza kamera ya koridoni inataka namba za watu wangu za nini? Bluetooth naelewa, ndo inavyoikuta kamera mara ya kwanza. Maiki naelewa kama nataka kuongea na mama kupitia kamera, japo ingeweza kusubiri mpaka nibonyeze hicho kitufe. Eneo nalo lina sababu kidogo, simu za Android za matoleo ya nyuma zilikuwa haziruhusu programu kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu bila ruhusa ya eneo, huo ni utaratibu wa simu yenyewe. Lakini picha na namba za watu? Baada ya kuunganisha nilizima zote nikaacha arifa tu, na mpaka leo hakuna kilichoharibika, kamera inafanya kazi vilevile. Sasa kama hakuna kilichoharibika, zilikuwa zinaombwa za nini? Mtu anayekuuzia ulinzi hatakiwi kuanza kwa kukupekua mifuko.

Sera ya faragha niliisoma yote, jioni nzima imeishia hapo. Neno "washirika wetu" limejaa kila ukurasa na hakuna hata sehemu moja wametajwa ni kina nani. Video zinafutwa baada ya muda gani ukifunga akaunti? Wameandika "ndani ya muda unaofaa". Unaofaa kwa nani?

Alafu paswedi. Ukiacha akaunti ya kwenye aplikesheni, kamera yenyewe ina mlango wake wa kuingilia kwa kompyuta kupitia waifai ya nyumbani, na huo mlango ulikuja na jina na paswedi ya kiwandani, vimeandikwa kwenye kikaratasi, na nina uhakika kikaratasi kama hicho kiko kwenye kila boksi. Hakuna mahali popote niliambiwa badilisha. Nilikiona kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma vikaratasi, mwingine angekitupa na boksi.

Wenzangu, hili msilichukulie kama mambo ya kwenye sinema. Mwaka 2016 kulikuwa na programu hasidi inaitwa Mirai. Ilikuwa inazunguka intaneti inagonga kamera, vile virekodio vya kamera za ulinzi na rauta, inajaribu orodha ya paswedi za kiwandani kama 60 hivi, basi, ujanja wote ndo huo. Ikiingia, kile kifaa kinakuwa kinasubiri amri zake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo vifaa vilivyoambukizwa vikaelekezwa kwa pamoja kwenye kampuni ya Dyn, ambayo kazi yake ilikuwa kuzisaidia tovuti kubwa zipatikane kwa majina yake, na Twitter, Netflix, Reddit na nyingine nyingi zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani na Ulaya. Waliotengeneza Mirai walikuwa vijana watatu, wakakiri kosa mahakamani mwaka 2017. Na wenye kamera zao hawakujua lolote, kamera ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Hiyo ndo inanitisha mimi, kwamba kamera iliyoingiliwa haikohoi.

Uingereza wameshalikataza, kuanzia 29 Aprili 2024 kifaa cha nyumbani cha kuunganishwa na intaneti hakiruhusiwi kuuzwa na paswedi nyepesi ya kiwandani inayofanana kwa vyote, na mtengenezaji anatakiwa aseme wazi ataendelea kutoa masasisho ya usalama mpaka lini. California walitangulia, sheria yao ilianza Januari 2020. Kwahiyo inawezekana, sio kwamba ni kazi ngumu.

Uthibitisho wa hatua mbili upo, nawapa haki yao, yaani ukiingia kwenye simu mpya unaandika paswedi alafu na namba inayotumwa. Ila umezimwa tangu kiwandani na umefichwa ndani kabisa, niliupata wiki ya pili. Na hicho kitu kimoja ndo kingewaokoa watu wengi. Nyie mnakumbuka yale ya kamera za Ring, ambayo ni ya Amazon? Mei 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliweka malalamiko yake wazi mahakamani, ikasema wateja kama 55,000 akaunti zao ziliingiliwa vibaya kati ya Januari 2019 na Machi 2020. Na wengi wa hao wadukuzi hawakuvunja kitu chochote kigumu. Wanachukua furushi la barua pepe na paswedi zilizovuja kwenye tovuti nyingine kabisa, wanazijaribu huku moja baada ya nyingine, na kwa kuwa watu tunatumia paswedi moja kila mahali, zinafunguka. Wakishaingia wengine walikuwa wanatumia ile spika ya kamera kuongea na watu ndani ya nyumba zao, kutukana, kutisha watoto vyumbani. Fikiria mtoto amelala sauti ya mwanaume asiyemjua inatoka ukutani.

Baada ya kusoma hayo nikaenda kwenye Have I Been Pwned, ile tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, unaandika barua pepe yako inakwambia imo kwenye mivujo gani. Ya kwangu ya zamani ilikuwemo kwenye minne. Na ndo niliyokuwa nimeitumia kufungulia akaunti ya kamera ya mama, na paswedi yake ni ndugu wa paswedi zangu zote. Nilibadilisha usiku uleule nikiwa natetemeka mikono, sio uongo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo limenifanya nishushe nyota.

Mwezi wa nne niliingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye akaunti. Nikakuta vinne. Simu yangu, tableti yangu, simu ya kaka, na simu nyingine tena ambayo sikuijua. Nikampigia kaka. Kaka akasoma jina la ile simu taratibu, akanyamaza kidogo, akasema "hiyo ni simu yangu ya zamani, niliiuza." Aliiuza mwezi wa pili, akafuta picha na meseji zake, hakuirudisha kiwandani. Aplikesheni ya kamera ilibaki mule imeshafunguliwa, haihitaji paswedi wala nini, ni kubonyeza tu.

Nikabadilisha paswedi papo hapo nikajua imeisha, kwa akili ya kawaida ukibadilisha kitasa funguo za zamani zote zinakufa. Kesho yake naangalia, ile simu bado ipo kwenye orodha, na pembeni imeandikwa mara ya mwisho kuingia: jana saa 4 usiku. Jana. Yaani baada ya mimi kubadilisha paswedi. Kumbe kwenye hii kamera ukibadilisha paswedi vifaa vilivyokwisha ingia havitolewi, vinabaki ndani, mpaka uende kifaa kimoja kimoja ubonyeze ondoa, na hakuna mahali wanakwambia hivyo.

Sijui aliyeinunua ile simu aliona nini. Pengine aligusa kwa bahati mbaya akafunga. Lakini saa 4 usiku mama huwa anaamka kwenda msalani, anapita koridoni na nguo zake za kulalia, na mimi siwezi kumhakikishia mtu yeyote kwamba mgeni hakumwangalia mama yangu.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Mara ya kwanza nilijibiwa na roboti likanipa hatua za kuwasha na kuzima kamera. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, TATIZO LA USALAMA. Siku 11 zikapita, akajibu mtu, akasema wanashukuru kwa maoni yangu na wamelifikisha kwa timu husika. Sikuwa natoa maoni. Nilikuwa nawaambia mlango wao haufungi. Kampuni inayouza vitu vya kuangalia ndani ya nyumba za watu inatakiwa iwe na anwani moja, ya wazi, ya kupokea taarifa za usalama, na binadamu wa kuzisoma siku hiyohiyo.

Kitu kingine ni wapi video zinalala. Hii kamera inakubali memori kadi lakini aplikesheni inakusukuma kila siku ulipie hifadhi ya mtandaoni, na nilipia miezi 3 ya kwanza. Wanasema video "zimesimbwa kwa usalama", yaani zimevurugwa zisisomeke bila ufunguo. Hiyo sentensi muiangalie vizuri. Kuna usimbaji ambao ufunguo anao mwenye video peke yake, kampuni hata ikitaka haiwezi kuona, na kuna usimbaji ambao video inalindwa njiani na kwenye seva lakini ufunguo wanao wao. Hii yangu ni ya aina ya pili, niliwauliza wakakubali. Ni sawa na kufuli zuri kabisa ambalo ufunguo wa pili anao mtu usiyemjua na umeambiwa tu kwamba ni mtu mzuri.

Na kama unadhani wafanyakazi hawawezi kuchungulia, rudi kwenye yale malalamiko ya FTC. Walisema Ring iliwapa wafanyakazi na mafundi wa nje uwezo wa kufungua video za wateja bila kizuizi cha maana, na mfanyakazi mmoja kwa miezi kadhaa ya mwaka 2017 aliangalia maelfu ya video za wanawake, akichagua kamera zilizowekwa sehemu za siri kama vyumba vya kulala na bafu. Kesi iliisha kwa dola milioni 5.8 na masharti. Hapo hakuna mdukuzi wa mbali, ni mtu na kitambulisho chake cha kazi shingoni.

Hata pasipo mtu mbaya mambo yanaharibika. Februari 2024 kamera za Wyze zilizimika kwa saa kadhaa kwa hitilafu upande wa seva, ziliporudi zote kwa pamoja mfumo ukachanganya, wateja kama 13,000 wakaletewa vipicha vya kamera za nyumba za watu wengine, na 1,504 wakabonyeza. Mtu anafungua simu aone sebule yake anakuta sebule sio yake. Na Machi 2021 wadukuzi waliingia Verkada, kampuni ya Marekani ya kamera za ulinzi, kwa akaunti ya msimamizi mkuu ambayo taarifa zake zilikuwa zimeachwa wazi mtandaoni, wakapata kamera 150,000 kwa mpigo, za hospitali, magereza, shule na viwanda. Ndo maana mimi sasa nasema, video ambayo haijaenda popote ndo video iliyo salama, nimerudi kwenye memori kadi na usajili nimeuacha. Memori kadi nayo ina ubaya wake, mwizi akibeba kamera kabeba na ushahidi, kila mtu apime mwenyewe anamuogopa nani zaidi. Mimi kwa mama simuogopi mwizi sana.

Kuna hili jipya la akili mnemba. Mwezi wa sita aplikesheni ilisasishwa ikaja na uwezo wa kutofautisha mtu na mnyama na kutambua mtu aliyeanguka. Nilifurahi sana, ndo kitu tulichokuwa tunakitaka toka mwanzo. Mpaka sasa imenipigia kengele ya kuanguka mara 5, zote mama alikuwa ameinama kuokota kitu. Sawa, bora ikosee upande huo. Ila nilipoingia mipangilio nikakuta kuna kitufe kimewashwa tayari, mimi sikukiwasha, kinasema "saidia kuboresha huduma kwa kushiriki video zako". Kushiriki na nani, hawasemi.

Hapo inabidi watu wajue hii akili mnemba inafundishwaje. Haijifundishi yenyewe hewani, kuna binadamu wanakaa wanaangalia picha moja moja wanachora visanduku, huyu mtu, hiki kiti, hapa ngazi. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na mashine za kufagia za Roomba, za majaribio, zilivyotumwa kwa kampuni ya kuweka lebo picha na vibarua wa Venezuela wakaziweka kwenye makundi ya Facebook, moja ikiwa ya mwanamke amekaa chooni. iRobot, ndo wanaotengeneza Roomba, walisema zile zilikuwa mashine maalum za majaribio na waliozitumia walikuwa wameridhia. Sawa, lakini hata aliyeridhia mashine ijifunze, aliridhia kuonwa na binadamu wa mbali chooni kwake? Nilizima kitufe kile na nikaangalia tena baada ya kila sasisho, na mara moja nilikuta kimejiwasha. Mara moja inatosha.

Nilisema nitarudi kwa mama.

Mwezi wa tano nilienda kumtembelea nikakaa wiki. Siku ya pili nikaona mama anatoka chumbani na nguo mkononi, anapita koridoni ameshika ukuta, anaingia bafuni kubadilishia mule, na bafu lile ndo sehemu yenye utelezi kuliko zote nyumbani. Nikamuuliza, mama mbona hubadilishii chumbani? Akanionyesha kwa kidevu ile kamera. Tuliiweka koridoni, ila ikizunguka inaona mlango wa chumba chake mpaka nusu ya kitanda. Miezi mitano mama alikuwa anajificha bafuni kwa sababu ya kifaa tulichoweka asianguke.

Nikaona na kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni ya kabati. Nikakumbuka kuna siku picha inakuwa nyeusi na mimi nadhani ni hitilafu, mpaka nilishawaandikia kampuni kuhusu hilo. Alikuwa anaifunika wageni wakija. Nilivyomuuliza kwanini hakusema akaniambia "mwanangu, mmetumia hela yenu, mna nia njema, ningesema nini? Ila mngeniuliza tu." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mimi nimesoma sera ya faragha yote, nimewalaumu kampuni kwa kuwasha vitufe bila ruhusa yangu, na hicho hicho nilikuwa nimemfanyia mama. Na nafikiri wengi wetu tuko hapo, tunaweka kamera kwa wazazi, kwa dada wa kazi, kwa mgonjwa, tunabishana kuhusu wadukuzi wa mbali huku mtu anayeangaliwa yuko palepale hajaulizwa. Hata sheria za faragha zinaliangalia hili la nani anaangaliwa. Ulaya mahakama yao ya haki iliamua Desemba 2014, kwenye kesi iliyotoka Czech, kwamba kamera ya nyumbani ikishaanza kurekodi sehemu ya wazi ya umma haihesabiki tena kuwa ni jambo la kinyumbani tu, unawajibika kwa hao wanaopita. Ndani ya nyumba mara nyingi sheria imetuachia wenyewe, kwahiyo ndo tuulizane zaidi.

Tulikaa naye jioni ile tukapanga upya, safari hii yeye ndo anasema. Kamera imehamia mwisho wa koridoni inaangalia mlango wa mbele na lile eneo aliloanguka tu, kuzunguka nimezima. Maiki nimezima, hataki maongezi yake na wenzake yasikike, na ana haki. Chaja imechomekwa kwenye soketi yenye swichi iliyo usawa wa mkono wake, akitaka kuzima anazima, hahitaji simu wala kuniomba. Kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwenye hii kamera sikukipata, kifuniko cha kuteleza mbele ya lenzi, kama kile cha kompyuta mpakato, kitu cha plastiki tu, ambacho mtu mzima bila kujua aplikesheni anaona kwa macho yake kwamba sasa imefungwa. Kale kataa kadogo kanakoonyesha inarekodi nako kanaweza kuzimwa kutoka kwenye aplikesheni, yaani aliye chumbani hana namna ya kujua. Hilo kwangu ni kosa la ubunifu kabisa, taa ile haikutakiwa kuwa na swichi.

Upande wa waifai, mdogo wangu anayejua hayo mambo alinisaidia kuitenga, rauta nyingi zina mtandao wa wageni, ukiweka kamera huko ikija kuingiliwa haifikii simu na kompyuta za nyumba. Dakika 15 kazi imeisha. Na paswedi ya kiwandani imebadilishwa, hatua mbili imewashwa, simu zilizounganishwa zimebaki mbili, naziangalia kila mwisho wa mwezi.

Na mama alipendekeza kitu ambacho kwenye maongezi yetu ya dakika kumi hakikututoka mdomoni. Kile kitufe cha kuvaa shingoni, akianguka anabonyeza simu zetu zinaita. Akasema hicho ningekikubali siku ya kwanza, maana nakibonyeza mimi. Tumekinunua, anakivaa hata usiku. Kuanguka hajaanguka tena, namshukuru Mungu, kwahiyo siwezi kukwambia kati ya kamera na kitufe kipi kimemsaidia zaidi. Naweza kukwambia kipi anakipenda.

Basi nyota. Picha na uimara 5, sipunguzi. Ruhusa za aplikesheni 2. Usalama wa akaunti 1, na hiyo moja ni kwa sababu hatua mbili ipo, paswedi isiyotoa vifaa vya zamani haina utetezi. Huduma kwa wateja 1. Kwa ujumla nawapa 2 na nusu. Kama unaitaka kwa ajili ya stoo, geti, duka likiwa limefungwa, mahali ambapo hakuna mtu anavua nguo wala kulia wala kusali, nunua, utaridhika, badilisha paswedi siku hiyohiyo unayoichomeka. Kwa chumba cha kulala cha mtu yeyote mimi nasema usinunue, sio hii tu, yoyote ambayo ufunguo wa video haukai kwako. Kabla ya kulipia muulize muuzaji maswali mawili, je inafanya kazi bila kufungua akaunti mtandaoni (zile zinazokubali ONVIF au RTSP, yaani njia za wazi za kamera kuongea na programu za kampuni nyingine, unaweza kuziangalia ndani ya mtandao wako wa nyumbani tu), na masasisho ya usalama yataendelea mpaka mwaka gani. Akianza kukuonyesha ubora wa picha badala ya kujibu, ondoka.

Mimi hilo swali la masasisho nimewauliza wiki 3 zilizopita pamoja na lile la paswedi. Nimepewa namba ya tiketi na kuambiwa nisubiri. Wakijibu nitakuja kuandika hapahapa walichosema, neno kwa neno.